Kilindi na Feri: Historia ya Kuvuka Likoni

Maji yakipwa, ule mteremko wa saruji wa kushukia feri ya Likoni huwa mrefu na mkali. Mwenye mkokoteni wa mihogo hathubutu kuushuka peke yake. Humtafuta mtu wa kumshikia nyuma, kisha wawili hao huteremka polepole, visigino wamevikaza, ndara zikiteleza kwenye mwani. Feri inafika, inapiga honi, na mlango wake wa chuma unashuka na kusaga saruji kwa mlio ambao mtoto wa Likoni anaujua hata usingizini. Watu hawangoji mlango utulie. Wa kwanza wameshatia mguu nchi kavu, na nyuma yao inakuja halaiki: wauguzi, makuli wa bandarini, wanafunzi, akina mama wenye ndoo za samaki, vijana wanaosukuma baiskeli. Dakika chache baadaye chombo kimejaa tena na kinarudi kilikotoka.

Upana wa maji yenyewe ni kama mita 500. Mtu akisimama Likoni na macho yake ni mazima, anaweza kutambua rangi ya matatu iliyoegeshwa upande wa pili. Hata hivyo watu zaidi ya 300,000 na magari kama 6,000 huvuka hapo kila siku, na wote wanategemea injini za feri chache. Wenzetu wa Dar es Salaam chombo kama hicho hukiita pantoni. Sisi twakiita feri, na upande wa kusini wa mji wetu wa Mombasa twauita ng'ambo tu, kana kwamba hakuna ng'ambo nyingine.

Kisauni nako ni bara, na watu wake huingia kisiwani kwa daraja. Changamwe ni bara vilevile, na watu wake hupita Makupa kwa gari. Kwa nini basi Likoni peke yake iachiwe maji?

Kilindi: kabla ya 1937

Jibu limo katika jina la bandari. Kilindini ni penye kilindi, maji marefu. Mabaharia wa zamani waliipenda zaidi bandari ya upande wa pili wa kisiwa, chini ya Ngome ya Yesu, kwa sababu majahazi yao hayakuhitaji kina kikubwa. Meli za chuma zenye injini ya mvuke ndizo zilizogeuza mambo. Zilitaka kina, nafasi ya kugeukia na kinga dhidi ya mawimbi ya bahari kuu, na Kilindini ilikuwa na vyote vitatu. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, vifaa vyake viliteremshwa huko. Kufika 1926 gati za kwanza za maji marefu zilikuwa tayari, na meli kubwa zikawa zinafunga kamba ukutani badala ya kutia nanga katikati na kupakuliwa kwa matishari.

Tangu hapo mlango wa Likoni ukawa njia ya meli, na kila meli ya Kilindini sharti ipite mbele yake. Magharibi, reli ilivuka Makupa kwa daraja na baadaye tuta likajengwa. Hapakuwa na meli ya kuzuiwa. Kaskazini, mwaka 1931, liliwekwa daraja la Nyali lililoelea juu ya maboya, likadumu karibu nusu karne hadi daraja la zege la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Kusini hakikuwekwa kitu. Daraja la chini lingefunga bandari, na la juu lingehitaji fedha ambazo serikali ya kikoloni haikuwa tayari kuzitumia kwa ajili ya watu wa Likoni na Mtongwe. Kilindi kilichoipa Mombasa bandari ndicho kilichoinyima Likoni daraja.

Waliotaka kuvuka walipanda mitumbwi na mashua za makasia. Nahodha wa mashua alijua idadi ya watu wake kwa sababu kila mmoja alimlipa mkononi, na alijua uzito wao kwa sababu aliuona kwenye ubavu wa chombo chake. Maji yakikaribia ukingo, hakuongeza mtu.

Sheria za bahari kuu: 1912 hadi 1944

Wakati huohuo, mbali na hapa, dunia ilikuwa inatunga sheria za kuwalinda abiria wa baharini. Titanic ilizama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 na kuua watu zaidi ya 1,500. Ndani mlikuwa na watu wapatao 2,200, na mashua za kuokolea ziliwatosha 1,178. La kushangaza ni kwamba meli haikuvunja sheria yoyote. Kanuni za Uingereza zilipanga idadi ya mashua kwa ukubwa wa meli, wala si kwa idadi ya watu, na zilikuwa zimeandikwa kabla hazijaundwa meli kubwa kiasi hicho. Mwezi Januari 1914 mataifa yalikutana London yakatia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, ule unaojulikana hadi leo kwa jina la SOLAS. Kila abiria apate nafasi katika mashua, redio isikilizwe saa zote, watu wafanyishwe mazoezi ya hatari.

Ni mkataba mzuri, na umeokoa roho nyingi. Lakini ulihusu, na kimsingi bado unahusu, meli zinazotoka nchi moja kwenda nchi nyingine. Chombo kinachozunguka ndani ya nchi yake kimeachiwa sheria za nchi hiyo. Mtalii anayeingia Kilindini kwa meli ya starehe anasafiri chini ya mkataba wa mataifa. Kuli anayekatiza mbele ya meli hiyo kwa feri aende kuipakua amebaki na chochote ambacho serikali yake imekumbuka kuandika.

Na mkataba una mipaka yake hata huko bahari kuu. Mapema Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo pamoja na meli nyingine za abiria na manowari za kuzilinda. Ilikuwa meli ya abiria ya zamani, iliyogeuzwa ya kubebea askari kwa ajili ya Vita vya Pili. Mlikuwa na watu 1,511: wauguzi, mabaharia, na kundi kubwa la askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wengi wao vijana wa bara ambao huenda Kilindini ndipo walipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga kwa makombora ya majini. Iliangukia ubavu na kuzama katika muda wa kama dakika mbili. Wengi wa askari walikuwa chini, ndani ya meli. Manowari za Uingereza, zikiisaka nyambizi ile, ziliangusha mabomu majini mlemle walimokuwa wakielea walionusurika. Waliokufa ni 1,297.

Ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya meli za Waingereza katika vita vile, na meli ilitoka kwetu. Muulize kijana wa Likoni kuhusu Titanic, atakusimulia filamu yote. Khedive Ismail hajawahi kuisikia. Simlaumu; hata mimi shuleni sikufundishwa.

Feri ya kampuni ya basi: 1937 hadi 1989

Feri za injini Likoni ziliendeshwa kuanzia 1937 na kampuni ya mabasi, Kenya Bus Services. Mpangilio huo una mantiki yake: aliyechukua abiria barabarani akaongezewa kipande cha maji. Lakini unaonyesha pia kivuko kilivyotazamwa tangu mwanzo. Kilihesabiwa kuwa barabara iliyolowa, na feri kuwa basi lisilo na magurudumu.

Fikra hiyo ilifaa wakati watu walikuwa wachache. Baada ya uhuru mji ulivimba. Hoteli za Diani zilivuta magari kusini, viwanda na bandari vilivuta wafanyakazi kisiwani, na kodi za nyumba mjini ziliwasukuma wafanyakazi haohao kwenda kuishi Likoni, Mtongwe na Shika Adabu. Mwishoni mwa 1989 shughuli zilitoka kwa kampuni ya basi zikaingia kwa shirika jipya la serikali, Kenya Ferry Services. Mwaka uliofuata zilikuja feri tatu mpya: MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini. Yakariri majina hayo, maana moja tutakutana nalo tena.

Mbali na kivuko kikubwa cha Likoni palikuwa na kidogo cha Mtongwe, juu zaidi ndani ya mkono wa bahari, karibu na kambi ya Jeshi la Wanamaji. Hicho kilikuwa cha watu wa miguu. Kilimfaa sana anayefanya kazi bandarini: badala ya kwenda hadi Likoni, kupanga foleni, kisha kurudi nyuma tena kisiwani, anakata moja kwa moja.

Ijumaa, 29 Aprili 1994

Ilikuwa asubuhi, saa ya kwenda kazini. Feri ya Mtongwe iliyoruhusiwa kubeba watu 300 ilipakia wapatao 400. Iling'oa kutoka upande wa Mtongwe, na ilipokuwa kama mita 40 tu kutoka nchi kavu, ikapinduka.

Mita 40 ni pungufu ya nusu ya uwanja wa mpira. Waliobaki gatini kwa kukosa nafasi, wale waliokuwa wakilaani kuchelewa kwao, waliona kila kitu. Watu 272 walikufa.

Inafaa kueleza chombo kinavyopinduka, kwa sababu wengi hudhani feri huzama kwa uzito tu, kama jiwe. Sivyo. Feri ya bapa hubeba uzito mkubwa bila taabu ikiwa uzito uko chini na umetulia. Mabaharia wetu wa majahazi walilijua hili kabla ya vitabu: jahazi tupu hutiwa farumi, mawe au mchanga wa chini, lisiyumbe. Binadamu ni kinyume cha farumi. Wamesimama, kwa hiyo uzito wao uko juu. Na wana miguu, kwa hiyo uzito wao unahama. Chombo kikilala kidogo upande mmoja, waliosimama huteleza upande huo au hukimbilia mwingine, na kila hatua yao huongeza mlalo. Ukingo ukigusa maji, bahari huingia juu ya sitaha na kwenda palepale penye uzito. Hapo hakuna nahodha wa kukirudisha. Mia moja waliozidi pale Mtongwe hawakuongeza uzito tu. Walijaza nafasi ambayo ingemwezesha mtu kusimama imara, na walipoanza kuanguka waliwaangukia wenzao.

Ndiyo sababu ya kufa watu wengi kiasi kile karibu na pwani. Kujua kuogelea hakusaidii sana mtu anapokuwa chini ya chuma, au ameshikwa shingo na mwingine asiyejua. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji walikuwa hatua chache kutoka hapo, na kazi yao ikawa kutoa miili.

Mombasa nzima ilizika. Kulikuwa na mitaa ambayo misiba ilikuwa mingi mpaka majirani wakagawana, huyu aende kwa fulani, yule kwa fulani. Kesi za fidia ziliingia mahakamani. Huduma ya Mtongwe ilisimama, na kwa miaka mingi baadaye ikawa inafufuliwa na kufa. Mara ya kuvuma zaidi ni Machi 2017, ilipozinduliwa upya na Rais Uhuru Kenyatta miezi michache kabla ya uchaguzi, siku ambayo Gavana Hassan Joho alizuiwa na polisi kufika. Hata huzuni ya Mtongwe ilipata kuwa jukwaa la siasa.

Mwaka uleule, meli nyingine

Mwaka 1994 ulikuwa mbaya baharini kote. Mwezi Septemba, feri Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki baada ya mlango wake wa mbele kung'olewa na mawimbi, wakafa watu 852. Tarehe 30 Novemba meli ya starehe Achille Lauro, ileile iliyotekwa na Wapalestina mwaka 1985, ilishika moto karibu na Somalia ikiwa njiani kwenda kusini. Mlikuwa na watu karibu 1,000. Iliungua kwa siku mbili, ikazama tarehe 2 Desemba. Waliopoteza maisha katika uokozi hawakufika hata kumi. Karibu wote walishuka kwa mashua wakachukuliwa na meli zilizokuwa jirani. Miaka mitatu kabla yake, meli ya starehe Oceanos ilikuwa imezama Afrika Kusini katika dhoruba, nahodha wake akiondoka kabla ya abiria na wanamuziki wa melini wakibaki kuongoza uokozi. Watu wote 571 walipona.

Linganisha. Meli ya watalii inaungua katikati ya Bahari ya Hindi na karibu kila mtu anarudi nyumbani. Feri ya makuli inapinduka mita 40 kutoka gatini na wanakufa 272. Si bahati. Achille Lauro ilikuwa na saa nyingi za kufa, mashua za kuwatosha watu, orodha ya majina na mabaharia waliofunzwa kazi hiyo. Feri ya Mtongwe ilipinduka kwa muda mfupi, na hata idadi ya waliokuwamo ilikuwa ya kukadiria: wapatao 400.

Baada ya Estonia, nchi za Ulaya zilikaa zikaandika upya masharti ya uthabiti wa feri zinazobeba magari. Baada ya Mtongwe, sisi tulingoja miaka kumi: mamlaka ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini, Kenya Maritime Authority, iliundwa mwaka 2004, na sheria mpya ya meli ikaja 2009.

Ziwani na visiwani: 1996 hadi 2018

Majirani hawakuwa na afadhali. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996. Chombo cha watu 430 kiliua karibu 900. MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba usiku mmoja wa Septemba 2011. Ilisajiliwa kwa abiria chini ya 700, na tume iliyochunguza ikasema waliokuwamo walipita 2,400. Miili iliyopatikana ni 203. Julai 2012 MV Skagit ikafuata katika maji hayohayo ya Zanzibar. Septemba 2018 ilikuwa zamu ya MV Nyerere huko Ukara, Ziwa Victoria: chombo cha watu 101, waliokufa 228, tena ikiwa inakaribia gati.

Katika orodha hiyo yote hakuna bomu wala siwa la barafu. Kuna watu waliozidi, na kuna kitabu cha abiria ambacho hakikuandikwa au kiliandikwa uongo. Ukiona taarifa ya kwanza ya ajali inasema watu mia kadhaa na ya mwisho inasema maelfu, jua gatini hapakuwa na mtu wa kuhesabu.

Jumapili, 29 Septemba 2019

Likoni yenyewe ilikuwa ikipata vitisho vya kila mwezi. Injini inazima katikati, feri inasukumwa na mkondo kuelekea bahari kuu huku meli ya makontena inapiga honi, boti ya kuvuta inafika, watu wanashuka wakicheka kicheko cha woga. Mwaka 2010 zililetwa MV Likoni na MV Kwale kutoka Ujerumani, na 2017 MV Jambo kutoka Uturuki. Zilipunguza foleni, lakini zile za 1990 hazikupumzishwa.

Jioni hiyo ya Jumapili, baada ya saa kumi na mbili, gari dogo lilikuwa ndani ya MV Harambee. Ndani alikuwamo mama na binti yake mdogo. Feri ikiwa katikati, gari lilirudi nyuma, likapita juu ya mlango wa feri, likaangukia majini. Abiria mmoja alichukua video kwa simu. Inaonyesha gari linaelea kwa muda, kisha linazama tezi kwanza, na watu wanapiga kelele. Feri iliendelea na safari.

Mlango ule wa chuma kwa kawaida unapaswa kuinuliwa feri ikiwa safarini, uwe ukuta. Mwaka 1987, Zeebrugge, Ubelgiji, feri ya Waingereza Herald of Free Enterprise iliondoka milango ya omo ikiwa wazi, ikapinduka dakika chache tu baadaye na kuua 193. Kutokana nayo ulizaliwa utaratibu wa kimataifa wa kuyadai makampuni ya meli yaonyeshe kwa maandishi nani anafunga nini kabla ya kung'oa. Miaka 32 baadaye, katika mlango wa bandari yenye shughuli nyingi kuliko zote Afrika Mashariki, gari liliweza kuteremka kinyumenyume hadi baharini.

Kisha zikaja siku za kungoja. Kikosi cha walinzi wa pwani kilikuwa kimezinduliwa Liwatoni, ng'ambo tu ya maji hayo, mwezi Novemba uliotangulia. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji walishuka, wakaja wa kampuni binafsi, wakaja wa Afrika Kusini na kamera zao. Kilindi kilidai haki ya jina lake: giza, tope, mkondo mkali, na meli zisizoweza kusimamishwa siku nzima kwa sababu shehena ya Uganda na Rwanda inangoja. Asubuhi watu walijaa Likoni wakitazama maji. Familia ilikaa palepale ufukweni. Gari lilipatikana kwenye kina cha kama mita 58, likatolewa tarehe 11 Oktoba, siku ya kumi na tatu. Mama na mtoto walikuwa ndani bado, pamoja.

Mtongwe walikufa 272 na Likoni wawili, lakini nadhani kifo hiki cha pili ndicho kilichoitikisa nchi zaidi. Mwaka 1994 hapakuwa na simu za kupiga video. Mwaka 2019 kila Mkenya aliliona gari lile likielea, akahesabu sekunde, na akajiuliza kwa nini hakuna aliyerusha hata kamba.

Korona, maboya na daraja la mbali: 2020 hadi sasa

Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, maelfu waliokuwa wanawahi kurudi nyumbani walisongamana kwenye feri upande wa kisiwani. Polisi waliwapiga kwa virungu na kuwarushia gesi ya machozi. Msongamano uliovumiliwa miaka yote kuwa hatari ya maji sasa ulikuwa hatari ya ugonjwa, na kwa ugonjwa serikali iliona haraka isiyowahi kuiona kwa ajili ya maji. Katika miezi michache kampuni ya Kichina ilitandika daraja la miguu linaloelea kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, kwa takriban shilingi bilioni 1.9, na watu wakaanza kulitumia mwanzoni mwa 2021. Sehemu ya katikati ilifunguka kupisha meli. Wazee walioikumbuka Nyali ya zamani walitikisa vichwa: kilichofanywa kaskazini mwaka 1931 kilihitaji miaka 90 kufika kusini, tena kwa muda tu.

Shirika la feri nalo likaingizwa chini ya Mamlaka ya Bandari. Barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka kutoka Miritini hadi pwani ya kusini kupitia madaraja ya Mwache na Mteza, ilikamilika 2024, na sasa lori la Lunga Lunga halina lazima ya kupita kisiwani. Hilo limeipunguzia feri uzito wa magari. Halimsaidii anayetembea kwa miguu, na wa miguu ndio wengi. Daraja kubwa la juu la Likoni, linalosemwa kwa msaada wa Japani, bado ni michoro.

Duniani nako sheria zimeendelea kufuata maiti. Costa Concordia iligonga mwamba Italia Januari 2012 na kuua 32, baadhi wakiwa abiria waliopanda saa chache kabla na hawajaonyeshwa mashua ziko wapi. Tangu 2015 mkataba wa SOLAS unaagiza mazoezi yafanywe kabla ya kung'oa au mara tu baada yake. Mtalii anayefika leo kwenye jengo la abiria la Kilindini ameshaonyeshwa jaketi la kuokolea na njia ya mashua yake, na jina lake limo katika orodha ya nahodha.

Mtu wa Likoni haonyeshwi chochote, na kwa safari ya dakika chache pengine si jambo la kudai. La kudai ni dogo zaidi. Mwenye gari hulipa, na gari lake linajulikana. Mwenye miguu huvuka bure, jambo jema na la haki kwa mji uliomnyima daraja, lakini bure hiyo imemfanya asiwe na tikiti, na asiye na tikiti hana pa kuandikwa. Kifaa cha kuhesabu vichwa mlangoni, kama kilichoko kwenye viwanja vya mpira, hakigharimu sehemu ya mia ya bei ya daraja lile la maboya. Kifungwe pande zote mbili, hesabu ionekane kwa nahodha na kwa abiria, na ikifika idadi iliyoandikwa ubavuni mwa feri, lango lijifunge, hata kama ni saa kumi na mbili jioni na watu wanapiga kelele.